Tanga na Jinja: mji upi utafufuka?

Miaka ya 1960, mtu aliyetafuta kazi ya kiwandani Afrika Mashariki na hakutaka kwenda Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam, alikuwa na miji miwili ya kukimbilia. Mmoja ni Tanga, mji wa mkonge na bandari. Wa pili ni Jinja, mji wa umeme na nguo, pale mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria. Miji yote miwili ilivuma, yote ikaanguka, na sasa yote inasemwa kuwa inaamka.

Kwa sisi wa Pwani hii si habari ya mbali. Kutoka Likoni hadi Tanga ni chini ya kilomita 200, na nyumba nyingi za Vanga, Lunga Lunga na Mombasa zina shangazi au mjomba upande wa pili wa Horohoro. Jinja nayo, ingawa iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, imeishi miaka yote kwa bandari ya Kilindini. Shaba yake ilitokea huku, na mashine zake ziliingilia huku. Kwa hivyo swali la mji upi utasimama kwanza linagusa mizigo yetu, vijana wetu na jamaa zetu.

Mji wa mkonge

Tanga ya viwanda ilijengwa na mmea mmoja. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, na kufikia 1911 ilikuwa imefika Moshi. Kutokana na ile miche 62 yalitokea mashamba yaliyojaa Muheza, Korogwe na kwingineko, yenye wafanyakazi wa mkataba walioitwa manamba, walioletwa kutoka pembe zote za Tanganyika na hata nje yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipakiwa Tanga.

Wazee wa Tanga wakisimulia anguko hilo, wengi huanza na Azimio la Arusha la 1967 na kutaifishwa kwa mashamba. Ni kweli kwamba mashirika ya umma hayakuyaendesha vizuri. Lakini bei ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla ya Azimio, kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, na mkulima wa Ulaya aliyefunga nyasi zake kwa katani alipata kamba rahisi zaidi. Hata angebaki mwenye shamba yule yule wa Kigiriki au Kiswisi, mkonge ungeshuka. Tofauti ni kwamba pengine usingeshuka hadi chini ya tani 40,000 kwa nchi nzima, kama ilivyokuwa miaka ya 1990.

Serikali ya Nyerere haikukaa kimya. Ilijaribu kuipa Tanga viwanda vingine: mbolea, chuma, saruji. Na hapa pana jambo ambalo kila anayezungumzia kufufua miji angelitazama kwa makini. Kiwanda cha mbolea kilianza 1972. Kilikuwa kikubwa, cha kisasa kwa wakati wake, na sehemu kubwa ya malighafi zake ilitoka ng'ambo kwa meli. Fedha za kigeni zilipoadimika, mashine zilikosa cha kusaga, na mwaka 1991 kikafungwa. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kilianza 1980, katika miaka ile ile ya shida, kikapita katika misukosuko ile ile, na mpaka leo tanuri lake linawaka. Mawe ya chokaa yako chini ya miguu yake.

Mji wa umeme

Jinja haikujengwa na shamba. Ilijengwa na maji. Bwawa la maporomoko ya Owen lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, na hesabu ya Waingereza ilikuwa kwamba umeme rahisi utavuta viwanda. Kwa muda hesabu hiyo ilitimia. Kiwanda cha nguo cha Nytil kilisokota na kufuma pamba ya Uganda papo hapo. Shaba ya Kilembe, kule milima ya Rwenzori, ililetwa Jinja kwa reli kuyeyushwa, kisha ikateremshwa Mombasa kupakiwa melini. Umeme wenyewe ulivuka mpaka, Kenya ikawa mteja. Kandokando ya mji, Kakira, palikuwa na kiwanda cha sukari cha ukoo wa Madhvani kilichoanza 1930.

Kilichoiangusha Jinja hakikuwa bei ya dunia. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Katika mji ambao maduka, karakana na viwanda vingi vilikuwa mikononi mwao, hilo lilikuwa sawa na kutoa moyo kifuani. Waliokabidhiwa mali walikuwa askari na marafiki wa askari. Wengine walijua kuuza kilichokuwa ghalani na hawakujua kununua kingine. Vipuri vilikwisha, mafundi walitawanyika, na kufikia mapema miaka ya 1980 shaba ya Kilembe nayo ilikuwa imenyamaza.

Tofauti hii ya visababishi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tanga ilipoteza soko. Jinja ilipoteza watu, lakini soko la sukari, sabuni, nguo za shule na mafuta ya kupikia lilibaki pale pale, likimsubiri mtu wa kulihudumia. Ndiyo maana Jinja ilianza kupata nafuu mapema.

Nafuu ya Jinja

Akina Madhvani walirudi katika miaka ya 1980 na kuikuta Kakira ni magofu na vichaka. Leo ndiyo inayotajwa kuwa kubwa kuliko viwanda vyote vya sukari Uganda, na mabaki ya miwa yanachomwa kuzalisha umeme unaouzwa kwenye gridi ya taifa. Nytil ilibinafsishwa katika miaka ya 1990 ikapata wenyewe wapya, na inashona sare na nguo za kawaida. Bidco, kampuni tunayoijua Kenya kwa mafuta ya kupikia, ilijenga kiwanda Jinja ikitegemea michikichi iliyopandwa visiwa vya Kalangala, pamoja na mafuta ghafi yanayoshushwa hapa Mombasa. Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018 kwa mkopo wa Japani, na tangu Julai 2020 Jinja ni jiji kisheria.

Basi Jinja imepona? Imepata nafuu, haijapona. Kwanza, ile faida ya umeme imeyeyuka. Zamani kiwanda kilikwenda Jinja kwa sababu bwawa liko Jinja. Siku hizi umeme uko kwenye nyaya za nchi nzima, na mwenye kiwanda aliyeko Namanve, nje kidogo ya Kampala, anaupata sawa na aliyeko mita mia mbili kutoka bwawani. Bwawa la Bujagali lilipoanza kazi 2012 na megawati zake 250, lilileta umeme mwingi lakini wa bei kali, na likazamisha maporomoko ambayo watalii walikuwa wakija kuyaona. Kwa mji ambao ulikuwa umeanza kuishi kwa wageni wanaokuja kupiga kasia kwenye mawimbi ya Nile, hiyo ilikuwa hasara ya waziwazi.

Pili, Kampala iko kilomita 80 tu. Hilo ni baraka kwa mwenye lori na balaa kwa meya. Ofisi kuu, benki, mawakala wa forodha na waliosoma wote huvutwa Kampala. Jinja inabaki mahali pa kuzalisha na kulala.

Tatu, sukari. Busoga nzima imegeuka miwa. Mkulima mdogo ameng'oa muhogo na mahindi akapanda miwa mpaka mlangoni, na bei ikishuka hana cha kuuza wala cha kula. Kenya ilipobana sukari ya Uganda isiingie, aliyeumia si mwenye kiwanda peke yake. Watu wa Tanga wanaujua ugonjwa huu. Waliuguzwa nao na mkonge.

Bomba la Chongoleani

Anayeitabiria Tanga mema leo huanza na bomba la mafuta. Aprili 2016 Uganda iliamua mafuta yake ya Hoima yapite Tanzania badala ya njia ya Kenya iliyokusudiwa kuishia Lamu. Wapwani wa kaskazini hawajasahau. Agosti 2017 Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, kijiji cha wavuvi kando ya jiji la Tanga. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta ya Uganda ni mazito na huganda kama nta, lazima lipashwe moto njia nzima. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8.

Ni mradi mkubwa, na wakati wa ujenzi fedha huonekana mitaani: nyumba za kupanga hujaa, mama lishe hupata wateja, bodaboda hazilali. Lakini sisi wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa habari za bomba. Tunalo letu. Tangu 1978 mafuta yanaondoka Mombasa kwenda Nairobi kwa bomba. Changamwe palikuwa pia na kiwanda cha kusafisha mafuta, na kazi zenye ujuzi zilikuwa pale kiwandani: mafundi wa mitambo, wa maabara, wa kuchomelea, na makandarasi wadogo waliowazunguka. Mwaka 2013 kiwanda kiliacha kusafisha. Bomba halikusimama hata siku moja kwa sababu hiyo. Mafuta yaliendelea kupita, kazi hazikuendelea. Matangi yapo, ila tangi halihitaji watu wengi.

Chongoleani hakuna hata kiwanda cha kusafisha cha kufungwa. Mafuta yatafika, yatakaa kwenye matangi, yatapakiwa melini kwenda kusafishwa kwingine. Kiwanda cha kusafisha kinachozungumzwa kimepangwa Uganda. Serikali ya Tanzania itapata ushuru wake wa kupitisha, na hiyo ni haki yake, lakini ushuru huenda hazina kuu kwanza na kurudi Tanga baadaye, ukirudi. Nikipima kwa uzoefu wa Changamwe, bomba litaipa Tanga jina na mapato ya serikali. Halitaipa ile Tanga ya king'ora cha kiwanda na watu elfu wakitoka zamu.

Kina cha maji

Kilichobadilika Tanga kweli, na ambacho hakipigiwi ngoma sana, ni kina cha maji bandarini. Kwa miongo mingi meli kubwa haikuweza kufika gatini. Ilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, na makuli wakashusha tena. Kila gunia lilibebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Mwenye meli alilipia siku za kungoja, na mwenye mzigo alijiuliza kwa nini asiende Dar es Salaam au Mombasa. Bandari iliyo kongwe na yenye ghuba nzuri ya asili ikawa ya kukwepwa.

Katika miaka michache iliyopita, hadi 2023, mlango wa bandari na eneo la kugeuzia meli vilichimbwa kutoka kina cha mita 3 hivi hadi 13, na gati zenye jumla ya mita 450 zikajengwa. Sasa meli inafunga kamba gatini. Jambo hili ni kavu, halina picha ya rais na jiwe la msingi la kukumbukwa, lakini ndilo linaloondoa sababu ya kwanza ya kuikwepa Tanga. Reli ya kwenda Moshi na Arusha nayo imefufuliwa tangu 2019 baada ya kulala miaka mingi. Ukiiunganisha gati yenye kina na reli inayokwenda nchi ya kahawa, magadi na utalii, unapata kitu ambacho Jinja haiwezi kukipata hata ikipewa mabwawa mengine kumi. Unapata bahari.

Kwa Kilindini huu ni ushindani, ingawa si wa kutisha. Baadhi ya wafanyabiashara wa Moshi na Arusha wamekuwa wakitumia Mombasa, na wakiona Tanga inawafaa watahama. Mizigo ya Uganda, Jinja ikiwemo, haitahama kwa urahisi, maana reli mpya ambayo Uganda ilitia saini 2024 kuijenga kutoka Malaba hadi Kampala inaelekea huku kwetu.

Pamoja na bandari kuna mawe ya chokaa. Kampuni ya Kenya ya ARM ilijenga kiwanda kikubwa Tanga, ikaelemewa na madeni hadi kuwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2018, na kiwanda cha Tanga kikanunuliwa na Huaxin ya China mwaka 2020. Mwenye kiwanda alifilisika, kiwanda hakikuhama, kwa sababu mawe hayahami.

Mkonge nao haujafa. Baada ya ubinafsishaji wa 1998, baadhi ya mashamba ya Korogwe yalikatwakatwa wakapewa wakulima wadogo wanaolima na kupeleka majani kiwandani. Kwenye jani la mkonge, katani ni asilimia chache tu za uzito. Kilichobaki kilikuwa kikitupwa mitoni. Shamba la Hale lilionyesha tangu miaka ya 2000 kwamba takataka hiyo inaweza kutoa gesi ya kuendesha jenereta. Dunia sasa inaanza kuichoka plastiki, na bei ya katani imekuwa ya kuridhisha kuliko zamani. Lakini bado sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa nyuzi, na mazulia, magunia na kamba za thamani vinatengenezwa kwingine.

Ni lazima niseme pia kwamba malighafi iliyo mlangoni haitoshi peke yake, na ushahidi uko Kilifi. Kiwanda cha korosho kilifungwa 1997, mikorosho ikiwa imesimama pande zote. Ramisi ilifungwa 1988 miwa ikiwa shambani. Malighafi hukifanya kiwanda kivumilie ukame wa fedha za kigeni, haikiponyi na madeni na usimamizi mbovu. Hapo ndipo Jinja inaizidi Tanga mpaka leo: imepata wenye mali wanaokaa na mali yao, kizazi baada ya kizazi, hata baada ya kufukuzwa. Kakira haikufufuliwa na mradi wa serikali mbili na jiwe la msingi. Ilifufuliwa na ukoo uliokopa, ukarudi, ukang'oa vichaka.

Ukinilazimisha kuchagua, nitasema Jinja imeshasimama na haitaanguka tena kama ilivyoanguka 1972, lakini pia haitapanda mbali. Itabaki mji wa sukari, nguo na watalii, ikizidi kumezwa na Kampala kila barabara inapopanuliwa. Tanga ndiyo yenye nafasi ya kupanda juu zaidi, kwa gati, chokaa na mkonge wake, na ndiyo pia inayoweza kukaa miaka mingine ishirini ikitazama mali za wengine zikipita. Jiji lina karibu watu laki nne sasa, wengi vijana, na kijana wa Chumbageni au Ngamiani aliyepata kazi ya kuchimba mtaro wa bomba atahitaji kazi nyingine mtaro ukishafukiwa.

Kuna upande mmoja ambapo habari hii imeshavuka mpaka. Amsons, kampuni ya Kitanzania iliyochukua hisa nyingi za Tanga Cement mwaka 2024, ndiyo hiyo hiyo iliyoinunua Bamburi mwishoni mwa mwaka huo. Tanuri la Pongwe na la Bamburi, yaliyoshindana kwa miaka mingi katika pwani hii moja, sasa yana mwenyewe mmoja. Lipi litapewa kazi zaidi, na la wapi litafanyiwa ukarabati kwanza, ni mambo yatakayoamuliwa kwenye meza moja, na wafanyakazi wa pande zote mbili za Horohoro wana sababu ya kuuliza.